Shanga za Maganda ya Machungwa

Kazini walimwita Mama Shanga, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ungemkuta mezani kwake asubuhi, koti jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, miwani imeshuka puani, ungeapa kwamba mama huyu anatunga shanga za kuuza. Kumbe alikuwa anatengeneza dawa. Si vidonge hivi vya kutupia mdomoni kimoja na kusukumia maji, hapana. Vyake vilikuwa vidogo kama mbegu za mchicha, ungemeza kijiko kizima na usijue umemeza vingapi.

Ujanani alitaka uuguzi. Alienda chuoni na begi lake na viatu vipya vyeupe, na siku ya kwanza kupelekwa wodini akaona damu, akaanguka chini kama gunia. Akajikaza, akarudi, akaanguka tena. Matroni mmoja mwenye huruma alimwita pembeni akamwambia mwanangu, kuna kazi nyingine duniani. Ndivyo alivyoishia kuosha chupa katika maabara ya kutengenezea dawa, na kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi na hakuchoka kuuliza, hakukaa sana kwenye karo la kuoshea chupa. Walimfundisha kupima, kisha kuchuja, kisha hiyo kazi ya shanga ambayo aliishika akaing'ang'ania mpaka ikawa yake.

Mali ghafi yake ilikuwa takataka za watu. Wauza juisi walimwekea maganda ya machungwa kwenye magunia, naye aliyapitia mwenyewe akienda kazini, maana alishajua kwamba ukimtuma mtu mwingine atawekewa yaliyooza chini na mazuri juu. Yakifika maabara yanaoshwa, yanakaushwa, yanasagwa, yanachemshwa kwenye maji yenye ukali kidogo, halafu yanachujwa kwa kitambaa. Kinachobaki kwenye yale maji ndicho kitu chenyewe: pektini, ile inayofanya jemu igande. Ukiimiminia spiriti inajikusanya nyuzinyuzi, unaivua, unaikausha, unapata unga.

Unga huo unakorogwa upya na maji, dawa inatiwa humo, na uji wake unaingizwa kwenye bomba la sindano. Mashine inausukuma polepole, na kando ya ncha kuna hewa inayopuliza tone kabla halijanenepa. Chini linalisubiri beseni la maji ya chumvi ya kalsiamu. Tone likigusa tu maji hayo, ngozi inashika, na hapo ndipo tone linapogeuka shanga. Likikaa kidogo mno kwenye beseni, ngozi inabaki teketeke. Likizidi kukaa, inazidi kuwa ngumu. Saa ya kupimia muda ilikuwa ukutani, na ilikuwa amri ya maabara kwamba iheshimiwe.

Mkuu wa maabara alikuwa mwanamke mrefu, mpole, ambaye kila siku alitafuta miwani yake nayo iko juu ya kichwa chake. Wote walimwita Daktari, basi. Yeye ndiye aliyewaeleza kwa nini wanajisumbua na maganda. Watu wenye vidonda kwenye utumbo mpana, alisema, wanameza dawa lakini dawa inayeyuka mapema, inaunguza tumbo la juu, na ikifika kwenye vidonda imebaki jina tu. Sasa hii ngozi ya maganda tumbo haliiwezi, na utumbo mwembamba hauiwezi. Inapita na dawa yake salama mpaka kule chini, na kule chini kuna vijidudu wanaoishi humo kwa kula yale tuliyoshindwa sisi. Wale ndio wanaoitafuna ngozi ya shanga, dawa ikamwagika palepale penye kidonda. Mama Shanga aliipenda sana habari hiyo, akawa anaisimulia hata kwenye foleni ya benki kwa watu ambao hawakumuuliza.

Shanga zilipimwa mara mbili. Kipimo cha kwanza alikifanya yeye: anazitia kwenye maji makali kama ya tumboni, yenye joto la mwili, yanakorogwa, halafu anaangalia. Iliyopasuka ni aibu yake. Kipimo cha pili kilifanyika ghorofani, kwenye chumba cha mama mmoja mnene, mcheshi, waliyemwita Bi Vijidudu. Huko ndiko shanga zilikotiwa kwenye supu ya vijidudu wa tumboni ili ionekane kama zinafunguka. Mama Shanga hakupenda kupanda huko. Harufu ya chumba kile, alisema, haina adabu. Kwa hiyo nusu ya pili ya kazi yake mwenyewe aliijua kwa kusimuliwa, na kwa kuwa siku zote ujumbe ulioshuka kutoka juu ulikuwa mmoja tu, kwamba zimefunguka vizuri, hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Mumewe alikuwa fundi bomba. Walijuana kwa sababu ya bomba la jikoni kwao, ambalo alikuja kuliziba, likavuja tena wiki ileile, akaja akaliziba, likavuja tena. Mwishowe baba yake Mama Shanga akasema ama huyu fundi hajui kazi, ama ana lake jambo. Alikuwa na lake jambo. Bomba lilipona siku posa ilipopokelewa, na mpaka uzeeni wakikumbushwa kisa hicho yule bwana hakukiri wala hakukana, alicheka tu na kumtazama mkewe.

Alikuwa mtu wa mizaha mpaka basi. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na ua mdogo uliojaa vipande vya bomba, koki kuukuu na viungio ambavyo, kwa maneno yake, siku moja vitafaa. Binti yao mmoja alishaolewa mbali. Dada yake mkubwa yule bwana, mjane, alikuwa akiishi nao, na huyo ndiye ambaye Mama Shanga alimwita wifi, na wifi hasa: walichokozana asubuhi, wakapatana mchana, na jioni wakamgeukia yule bwana kwa pamoja.

Ugonjwa ulipoanza aliuficha. Alipoulizwa mbona anakaa sana chooni, alijibu kwamba anakagua kazi yake. Mkewe alikuja kujua siku alipokuta shuka lina damu, akashikilia mlango ili asianguke, na siku hiyohiyo akamkokota hospitali. Huko wakasema ni vidonda, utumbo mpana umejaa vidonda. Wakampa vidonge. Na vidonge, kama Daktari alivyosema zamani, viliishia njiani. Vilimuunguza tumbo, akawa anatapika kabla ya kifungua kinywa na baada yake, na damu haikukatika. Kila asubuhi Mama Shanga aliyafua yale mashuka huku ameangalia pembeni.

Basi daktari wa upasuaji akawakalisha chini, akawaambia wazi. Dawa ikishindwa kuishika hali hii, utumbo mpana itabidi utolewe, na mgonjwa atawekewa mfuko tumboni wa kupokea choo, maisha yake yote. Yule fundi alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Njiani kurudi nyumbani akasema yeye aliyeziba mavujo ya nusu ya mji, hawezi kutembea ananing'iniza ndoo. Alisema bora afe. Alilisema kwa namna ya mzaha, ila safari hii hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Miezi hiyohiyo maabara ikapata kibali. Shanga zilizokuwa zikijaribiwa kwenye chupa sasa zingepewa watu, kundi dogo la wagonjwa waliochaguliwa na hospitali. Mama Shanga alisikia habari hiyo akahisi moyo unamruka. Hakusubiri hata kuvua glovu, alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Daktari akamwambia ana mgonjwa nyumbani, wa ugonjwa huohuo hasa, dawa hiyohiyo.

Daktari alimsikiliza, akampa pole ya kweli, kisha akasema haiwezekani. Watu wa nyumbani kwa wafanyakazi hawaruhusiwi kuingia kundi la kwanza. Ndiyo masharti ya kibali, na si ya mchezo.

"Baadaye ataingia," alisema.

"Baadaye lini, Daktari?"

"Hawa wakishamaliza, nasi tukishaona."

Nisikufiche, Daktari hakukosea. Masharti kama hayo yanawekwa kwa sababu watu wakipenda wanaacha kuona. Lakini nenda kamwambie hayo mwanamke anayefua mashuka ya mumewe kila alfajiri. Mama Shanga alitoka pale amefura. Miaka yote hiyo nimeinamia magunia ya maganda mpaka mgongo umekuwa upinde, alijisemea, leo watu nisiowajua wakanywe kwanza na mume wangu akae foleni. Alilia kidogo stoo, akanawa uso, akarudi mezani. Na kabla ya kufika mezani alikuwa ameshaamua.

Alimtengenezea mumewe shanga saa za chakula cha mchana, wenzake wakiwa wameteremka kula. Pektini ilikuwepo, mabaki ya chungu cha jana ambayo kwa kawaida hutupwa. Dawa alikuja nayo kutoka nyumbani, vidonge vya mumewe mwenyewe, akavisaga kwenye kinu kidogo. Mashine ilikuwa yake. Kitu kimoja tu kilimtia hofu, na hofu hiyo ndiyo iliyomwongoza mkono: tumbo la mumewe lilikuwa limeshachubuka kwa vile vidonge, na shanga moja tu ikipasukia huko juu itamchoma palipokwisha kuungua. Kwa hiyo saa ya ukutani ilipolia, hakuchota. Aliziacha kwenye beseni. Akasimama pale ameshika chujio, akaziacha tena, kama mama anayemvalisha mtoto sweta la pili na la tatu asije akashikwa na baridi.

Kisha akazipima kwenye maji makali, ule upimaji wake anaoujua. Hakuna iliyopasuka. Akaziacha humo mpaka kesho yake. Hakuna iliyopasuka. Alikuwa hajawahi kutengeneza shanga nzuri namna ile, duara kabisa, zinang'aa, na zilizofuata akaziacha kwenye beseni muda mrefu zaidi.

Hakuzipandisha ghorofani. Kwanza Bi Vijidudu angeuliza hizi ni za nani, na Bi Vijidudu akijua jambo limejulikana na jengo zima, na hapo Mama Shanga angemwaga unga, kazi hana tena. Lakini ukweli ni kwamba hata wazo lenyewe halikumjia. Miaka yote ya kazi yake, shanga zilizompatia aibu ni zile zilizopasuka. Zilizogoma kufunguka hakuwahi kurudishiwa hata siku moja, kwa sababu hakuwahi kuipuuza ile saa. Kwa mikono yake, ngumu ilikuwa na maana moja tu: salama.

Nyumbani alimwambia mumewe kwamba zile za maabara zimefika. Hakusema zimefikaje, na mume hakuuliza. Aliachana na vidonge. Kila asubuhi akawa anameza kijiko cha shanga na maji, akikunja uso na kusema kama ni kula mchanga angekwenda kula wa bure mtoni. Na siku zile za mwanzo, jamani, nani asingeamini? Matapishi yalikoma. Alikaa mezani akala kama watu. Rangi ikamrudi usoni kidogo. Hakuna aliyefikiri kwamba tumbo la juu limetulia kwa sababu tu vile vidonge vimeondoka.

"Bomba limetulia," alimwambia mkewe.

Mama Shanga aliamini, na kuamini kulimfanya mtu mpya. Alianza tena kuimba akipika. Lile gauni la maua ambalo wifi yake alikuwa akisema limezeekea kabatini, alilitoa akalivaa kwenda kazini. Alimchokoza mumewe kwamba sasa na yeye ni mgonjwa wake, amwite Daktari, naye mumewe akamwita Daktari kwa heshima zote, akasimama kabisa akampigia saluti. Alipanga jinsi atakavyokwenda kwa Daktari wa kweli, siku ikifika, kukiri kosa na kumuonesha mume mzima. Atanigombeza, aliwaza, kisha atafurahi.

Wifi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Alisema kaka yangu suruali inamvuka, mkanda umefika tundu la mwisho na ametoboa jingine kwa msumari. Mama Shanga akamjibu kwamba ugonjwa unaingia mbio na kutoka kwa kutambaa. Wifi akasema haya. Siku nyingine akasema, mbona mdomo wake mweupe? Yule bwana alimkatiza dada yake kwa mzaha, akamwambia uzee umempofusha na sasa anaona watu wote weupe, wakacheka, yakaisha.

Na jambo jingine. Alianza kufua mashuka yake mwenyewe. Mkewe akiamka anayakuta yameshaanikwa uani, yanadondosha maji, naye fundi amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anapumua kwa nguvu. Alisema amepata nguvu, mwache mwanamume ajisaidie, na hata hivyo mkewe na damu ni maadui tangu chuoni. Mwanamke mwingine angejiuliza kuna nini kwenye mashuka ya mtu aliyepona. Mama Shanga alimshukuru. Alikwenda kazini akawaambia wenzake kwamba amepata mume mpya anayefua.

Mumewe alizimia kwa jirani, mchana, akiwa amelala chini ya sinki anafungua bomba. Aliomba spana, akapewa, ikamponyoka mkononi, na jirani alipochungulia akamkuta amefumba macho na jasho linamtiririka kama mtu aliyemwagiwa maji. Wifi alimpigia simu Mama Shanga kazini akiwa hawezi kusema vizuri. Mama Shanga alizima mashine ya sindano, akavua koti, akaenda hospitali na gauni lake la maua.

Alipofika walikuwa wameshamlaza na kumtundikia damu. Daktari wa upasuaji hakuzunguka maneno. Utumbo umevimba, umekuwa mwembamba kama karatasi, unaweza kupasuka wakati wowote, na mgonjwa ameshapoteza damu kwa wiki nyingi. Atapasuliwa leo hii, punde chumba kikiwa tayari. Aliuliza kwa nini hawakuja mapema. Mama Shanga alijibu kwamba alikuwa anaendelea vizuri.

Muuguzi mmoja alikuwa ametoka nyuma ya pazia na beseni la choo limefunikwa kitambaa. Alimwita Mama Shanga kando, kwenye chumba cha kunawia, akamuuliza kwa upole kama mgonjwa amekula mbegu za aina yoyote, maana daktari lazima ajue. Akafunua. Ndani kulikuwa na damu nyingi, na Mama Shanga, ambaye maisha yake yote damu ilimwangusha, safari hii hakuanguka. Alikuwa anaangalia kitu kingine. Zilikuwa humo zimejaa tele, duara, zinang'aa, na hakuna hata moja iliyopasuka.

Muuguzi aliuliza tena ni mbegu gani. Mama Shanga akavaa glovu ya pale ukutani, akachukua moja, akaiosha kwenye bomba, akaibana kwa vidole. Haikubonyea. Akaibana kwa nguvu zote mpaka ikaruka ikagonga vigae. Hapo akaelewa yote kwa mkupuo, beseni, saa ya ukutani, ngozi, vijidudu waliotafuna wakashindwa, na dawa ya wiki zote zile iliyopita ndani ya mumewe imefungiwa, ikatoka kama ilivyoingia. Alishikilia sinki. Akamwambia muuguzi kwamba ni dawa, amezitengeneza yeye, na kwamba daktari aambiwe mgonjwa hajapata dawa yoyote tangu aanze kumeza hizo. Muuguzi akafunika beseni, akaenda kumwambia daktari.

Mumewe alikuwa macho. Walikuwa wamembadilisha nguo, wamemvika gauni la kijani la hospitali lililokuwa fupi, na miguu yake mirefu ya fundi ilijitokeza nje mikavu. Wifi alikuwa amekaa upande mmoja anamsugua mkono. Yule bwana alipomuona mkewe anavyomtazama akajua. Akamwomba dada yake akamtafutie maji, ingawa haruhusiwi kunywa, na dada yake akatoka bila kubisha.

"Ulikuwa unaziona?" Mama Shanga aliuliza.

Hakujifanya haelewi. "Nilikuwa naziona."

"Tangu lini?"

"Tangu za kwanza. Mimi ni fundi bomba, mke wangu. Niache kuangalia kinachotoka?"

"Na damu?"

"Haijawahi kukatika."

Mama Shanga alitaka kukaa akakosa kiti, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alimuuliza kwa nini alinyamaza. Neno moja tu. Neno moja asubuhi yoyote, kwamba bibi wewe, shanga zako zinatoka kama zilivyoingia, lingemtosha.

Mumewe alijibu kwa sauti ndogo. Alisema alidhani ndivyo zilivyo. Alidhani hicho ndicho kitu chenyewe ambacho mkewe amekuwa akikifanya miaka yote, magunia na maganda na mgongo, na kwamba hakifanyi kazi, wala hakuna ajuaye. Angemwambiaje? Alikuwa ametoa gauni kabatini. Alikuwa anaimba jikoni.

"Niliona nikikwambia, nitakuwa nimekwambia maisha yako yote ya kazi ni bure," alisema. "Nikaona bora nimeze tu."

"Ilikuwa ni kuzilainisha," alisema Mama Shanga. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Niliziacha sana kwenye maji, basi. Niliogopa zisikupasukie juu. Ilikuwa nipunguze muda tu, mume wangu. Ni kazi ya asubuhi moja."

Mumewe alimtazama. "Ni kuzilainisha tu?"

"Ni kuzilainisha tu."

Yule bwana akaanza kucheka, kicheko cha polepole kwa sababu kilimuuma, akashika tumbo, akaendelea kucheka huku macho yamejaa maji. Alisema kumbe wamekaa nyumba moja, kitanda kimoja, na tiba iko katikati yao, na kila mmoja anamwonea huruma mwenzake. Mkewe hakuona cha kuchekesha. Alimpenda na wakati uleule alitamani kumpiga.

"Mjinga wewe," alimwambia. "Mjinga mkubwa."

"Haya, Daktari," alisema mumewe. "Nikitoka huko unilainishie."

Wakaja wawili na kitanda cha magurudumu. Mama Shanga alitembea pembeni yake ameshika ukingo wa shuka mpaka kwenye milango miwili inayofunguka yenyewe, bado anamgombeza kwa sauti ya chini, na mumewe anaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, kama mtoto aliyechafua nguo. Milango ikafunguka, ikafungika.

Alikaa kwenye benchi ya ukutani na wifi yake. Wifi alikuwa anaomba kimoyomoyo, midomo inacheza. Mama Shanga hakuomba, alikuwa kazini. Alijua kwamba utumbo unatolewa na kwamba shanga hazitakuwa na mahali pa kwenda tena, daktari alikuwa ameshasema, lakini kichwa chake hakikutaka kusikia. Kichwa chake kilikuwa kinapunguza chumvi ya kalsiamu, kinachota saa inapolia, si baadaye hata kidogo, kinasuuza, kinakausha kivulini badala ya kwenye tanuri. Nyingine angezipandisha ghorofani kwa mkono wake mwenyewe, akae humo kwenye harufu ileile amwangalie Bi Vijidudu akizitia kwenye supu, asiondoke mpaka amezishuhudia zikilegea moja moja. Kisha angezipeleka nyumbani. Angemwamsha mapema, angemkalia kooni mpaka amemeza, na baadaye angekwenda mwenyewe kuangalia chooni, damu au si damu.

Alikuwa amefikia kuchagua chujio, lile la matundu madogo, daktari wa upasuaji alipotoka, akapita mbele yake bila kumtazama, akamwita wifi yake pembeni kwanza, na wifi akaweka mikono kichwani.